Zulia Lenye Mdomo

Abti yangu, ndugu wa mama, amefuga ngamia upande wetu wa Masalani tangu utotoni. Akimtazama ngamia kwa mbali atakwambia alikunywa maji lini, na aghalabu hakosei. Siku moja nilimpeleka Mombasa kwa rafiki yangu anayefuga samaki wa baharini sebuleni. Mzee alisimama mbele ya kioo, mikono nyuma, kama asimamavyo mnadani. Juu ya jiwe palikuwa na kitu bapa, kipana kama sinia la pilau, rangi ya udongo, kingo zimekunjamana kama zulia lililotupwa. Samaki wawili wenye mstari mweupe mgongoni walikuwa wakijigaragaza juu yake.

Hakuuliza bei. Aliuliza, "Abti," kwani naye huniita hivyo, "huyu asiye na macho wala sauti, mnajuaje kama anaumwa?"

Nimesoma mengi kuhusu ufugaji huu, na sijakuta swali lililoufikia kiini chake upesi namna hiyo. Anemoni zulia ni mnyama, ingawa ukimwona utadhani mmea. Yule wa sebuleni ni wa jamii ya Stichodactyla mertensii, ambaye baharini huweza kupita mita moja kwa upana. Hana ubongo. Ana mguu mmoja wa kujishikizia mwambani, mdomo mmoja unaopokea chakula na kutoa taka, na maelfu ya vidole vifupi vyenye vishale vya sumu visivyoonekana kwa macho. Mgeni huambiwa aguse kwa ncha ya kidole, naye huhisi kunata, kana kwamba ameshika gundi. Ule mnato ni vishale vikimchoma.

Rafiki yangu alimjibu mzee kwa kuonyesha. Mdomo uliofumba ni afya. Ukiachama na matumbo kuchungulia, hesabu siku. Vidole vilivyopoteza mnato ni dalili mbaya. Kisha rangi, na hapa ndipo wanunuzi wengi huliwa pesa zao. Ndani ya mwili wa anemoni huishi mwani mdogo mno unaojitengenezea chakula kwa mwanga na kumgawia mwenyeji wake. Mwani ndio unaompa ile rangi ya udongo isiyopendeza. Yule mweupe pe anayeng'aa dukani, anayegombaniwa, mara nyingi amekwisha kuupoteza. Ana njaa. Abti alicheka: hata mnadani, alisema, kuna ng'ombe wanaooshwa ili wauzike.

Lakini jicho peke yake halitoshi, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ni maji. Barabara yetu ya kwenda Malindi hupita Gongoni, penye mabwawa ya chumvi, na yeyote aliyewahi kuchungulia dirisha la basi pale ameshaona somo lote: maji hupaa, chumvi hubaki. Ndivyo ilivyo ndani ya tangi. Chukua lita 300 zenye gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Jua likinyonya lita 15, chumvi hufika karibu gramu 37, nawe hukuongeza hata punje. Kwa hiyo linalopungua hujazwa kwa maji baridi yaliyochujwa, kila siku, wala si kwa maji ya chumvi. Kwa joto la Masalani, na maji ya Tana yalivyo na tope, sijui nani angeiweza kazi hiyo. Na usifikirie chumvi ya jikoni. Bahari ina kalsiamu, magnesiamu na mengine mengi ambayo paketi ya dukani haina.

Subira ya kazi hii haikuanza na pampu za umeme. Mwaka 1846 bibi mmoja, Anna Thynne, alichukua matumbawe hai kutoka Torquay akayapeleka London, na ili yasikose hewa, mtumishi wake aliyamimina maji ya bahari kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi. Historia imelihifadhi jina la bibi. Mimi humfikiria zaidi yule wa kumimina. Kule Scotland, anemoni mmoja mdogo aliyeokotwa na mtafiti wa viumbe John Dalyell mwaka 1828 aliishi ndani ya gudulia hadi 1887, akirithiwa na mlezi baada ya mlezi, akaitwa Nyanya.

Samaki nao? Ute wa ngozi zao huwakinga, ila hawaingii kwa pupa. Samaki mgeni hugusisha mkia, hukimbia, hurudi, hugusisha tumbo, mpaka mwenyeji amzoee. Kisha hulipa kodi: kinyesi chake ni mbolea ya ule mwani, na huwafukuza samaki vipepeo wanaokuja kudonoa vidole vya mwenyeji. Mkubwa wa nyumba ni jike. Akifa, dume lake hugeuka jike. Jambo hili nilimficha abti hadi tulipofika Garsen njiani kurudi, nikijua litakavyopokewa barazani.

Rafiki yangu alimpoteza anemoni wake wa kwanza. Alimweka tangini wiki tatu tu baada ya kulianzisha, kabla bakteria wanaosaga amonia hawajatulia. Mnyama hakuridhika na mahali pake, akatembea usiku kwa ule mguu wake, akafika kwenye mdomo wa pampu. Asubuhi maji yalikuwa kama maziwa, na samaki wote wamekufa. Leo pampu zake zimevikwa sifongo, na anemoni wa pili alimngoja mwaka mzima.

Wewe unayetamani kuanza, anza na tangi tupu, na sifongo kwenye pampu tangu siku ya kwanza. Samaki waishio na anemoni huzalishwa tangini siku hizi. Nunua waliozaliwa humo. Anemoni zulia wengi bado hutolewa baharini, basi muulize muuzaji ametoka wapi, na akisitasita ondoka. Wa Malindi na Watamu waache: hifadhi za baharini za huko ni za tangu 1968, na maji yakipwa wakati wa bamvua utawaona, mradi usiwaguse.