Jiografia Juu ya Mgongo wa Bata Bukini

Mtoto hasahau alichoonyeshwa. Alichoambiwa tu, hukiacha mlangoni mwa darasa. Selma Lagerlöf aliyajua hayo kwa kuyatenda, kwani kwa miaka kumi tangu 1885 alisomesha wasichana mjini Landskrona, kusini mwa Uswidi. Mwaka 1902 chama cha walimu nchini humo kilimwomba aandike kitabu cha shule kitakachowajulisha watoto nchi yao. Angeweza kuorodhesha mito, milima na miji, kazi ikaisha. Badala yake alisoma habari za ndege na wanyama, akakusanya ngano za mikoani, akasafiri hadi kaskazini. Juzuu ya kwanza ilitoka 1906, ya pili 1907.

Mhusika wake ni Nils Holgersson, mvulana mtukutu anayetesa wanyama. Anamchokoza kijitu wa miujiza anayelinda nyumba yao, naye anamgeuza kuwa mdogo mno. Bata bukini dume wa nyumbani anapotaka kufuatana na wenzake wa mwituni, Nils anamng'ang'ania shingoni ili asiende, na wote wawili wanapaa.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Kutoka angani, mkoa wa Skåne unaonekana kama kitambaa kikubwa cha miraba. Nils haelewi anachokiona mpaka anapoanza kuzisoma rangi: miraba ya kijani kibichi ni nafaka iliyopandwa kabla ya baridi kuingia, ya kijivu na manjano ni mabua ya mavuno yaliyopita, ya kahawia ni malisho ya zamani. Hakuna aliyesimama ubaoni, lakini kilimo cha mkoa mzima kimeshaeleweka.

Udogo wa Nils nao una kazi yake. Kwa kiumbe wa kimo kile, ziwa, msitu na jabali ni mahali pa kujificha au pa kufia, kwa hiyo ni lazima ayajue mazingira yake. Na kadiri anavyoijua nchi ndivyo anavyojifunza kuwahurumia viumbe wanaoishi ndani yake.

Mwaka 1909 Lagerlöf alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Heshima hiyo haikumfika mtu aliyeona haya kuwaandikia watoto wa shule. Nanyi mnaoandika vitabu vya kiada, msiwapunguzie watoto ufundi wenu. Wapeni ule mlio nao bora kuliko wote.