Kushiriki na Kushirikisha

Katika huduma za kuhifadhi majalada (yaani faili) mtandaoni, neno "shiriki" limetumiwa kumwelekeza mtumiaji awape wengine jalada lake. Istilahi hii ina kasoro, tena kasoro isiyo ndogo.

Kushiriki ni kuingia katika jambo pamoja na wengine: mtu hushiriki katika mkutano, mazishi au ngoma. Anayetoa chake ili wengine nao wakitumie hashiriki, bali hushirikisha. Kiambishi -ish- ndicho kinachobeba maana ya usababishi, na hakuna sababu ya kukidondosha. Kiha, lugha ya wenyeji wa Kasulu na Kibondo, nacho kina mnyambuliko wa namna hiyo. Neno kamili halitamlemea msomaji wa huko.

Tuchukue mfano wa mwalimu wa Kasulu aliyetunga mtihani wa majaribio, akauhifadhi mtandaoni ili mwenzake wa Kibondo auhakiki. Aonapo "shiriki", aweza kudhani anaalikwa kujiunga na jambo fulani, kumbe anaulizwa ni nani aruhusiwe kuusoma mtihani. Akichagua "yeyote mwenye kiungo", na kiungo hicho kikamfikia mwanafunzi mmoja, mtihani umevuja.

Ni kweli kwamba "shiriki" limekwisha kuzoeleka. Lakini mazoea peke yake hayaligeuzi kosa kuwa usanifu. Hapana budi kitufe kisomeke "shirikisha", na chini yake iandikwe bayana: "Nani aruhusiwe kusoma?" Istilahi ifaayo humwonyesha mtumiaji anachokitoa kabla hajakitoa.