Dhabihu, Imani na Sikio: Katika Kuusifu Ufundi wa Mfasiri wa Maandiko

Kiswahili kilipoanza kupokea Biblia katika karne ya 19, sehemu kubwa ya msamiati wake wa ibada ilikuwa imekwisha kutoka Kiarabu na kukaa mwambaoni kwa karne nyingi, na kwa kuwa Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, mfasiri wa pwani alikuta mezani pake maneno ambayo ni ndugu halisi wa yale aliyokuwa akiyafasiri. Udugu huo ulikuwa msaada mkubwa na mtego mkubwa pia. Anayetaka kuupima ufundi wa Johann Ludwig Krapf, aliyeanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa mwaka 1844 kwa msaada wa kadhi wa mji huo, au wa Askofu Edward Steere wa Unguja, ambaye Biblia nzima ya Kiunguja ilitoka mwaka 1891, miaka tisa baada ya kifo chake, hana budi kutazama ni wapi wafasiri waliufuata udugu huo na ni wapi waliukwepa.

Neno la Kiebrania hujengwa juu ya mzizi, yaani konsonanti chache, aghalabu tatu, zinazobeba maana ya msingi huku irabu na viambishi vikiigeuza huku na huku. Mzizi wa imani ni alef, mem na nuni, na maana yake ya msingi ni uimara: kitu kisichoyumba, mtu anayeweza kutegemewa. Kutokana nao limepatikana *emuna*, ambalo katika Habakuki 2:4 hufasiriwa kuwa imani, lakini ambalo katika Kutoka 17:12 linasemwa juu ya mikono ya Musa, iliyoshikiliwa na Haruni na Huri hata jua likachwa. Mikono haina itikadi. Ilikuwa thabiti tu. Kiswahili kina matawi ya mzizi huohuo katika amini, imani, amana, mwaminifu na amina, na anayempa jirani yake amana amtunzie tayari anajua kwa vitendo kile ambacho mwanafunzi wa seminari hukitafuta kamusini. Hata hivyo, katika Isaya 7:9 nabii anautumia mzizi huo mara mbili kwa mchezo wa sauti, akiwaambia watu wa nyumba ya Daudi kwamba wasipoegemea hawatakuwa na pa kusimama, na hapo Kiswahili kimelazimika kutumia vitenzi viwili visivyofanana, kuamini na kuthibitika, kikabaki na maana na kuipoteza sauti.

Mahali ambapo mkono wa fundi unaonekana wazi zaidi ni Mwanzo 15:6, aya fupi inayosema kuwa Abramu alimwamini Mungu, na kwamba jambo hilo lilihesabiwa kwake kuwa *tsedaka*. Kwa sikio la Mswahili neno hilo ni sadaka bila shaka yoyote, na kwa asili ndivyo lilivyo, maana mzizi ni mmoja. Lakini katika Kiebrania cha Maandiko *tsedaka* ni haki, unyofu wa mtu mbele ya Mungu na mbele ya wenzake, na maana ya kutoa mali kwa maskini ilikuja kutawala baadaye katika mafundisho ya marabi. Mfasiri ambaye angemfuata ndugu huyu angemfanya Abramu kuwa mtoaji wa sadaka pale ambapo hakutoa chochote. Biblia ya Union, iliyokamilika mwaka 1952 kwa kuunganisha mapokeo ya Unguja na ya Mombasa, ina kuamini katika nusu ya kwanza ya aya na haki katika nusu ya pili: ndugu mmoja amekaribishwa, mwingine ameachwa mlangoni.

Uteuzi wa namna hiyo una uzito wa pekee katika mitaa ya Temeke na Kinondoni jijini Dar es Salaam, ambako Mwislamu na Mkristo hutenganishwa na ukuta mmoja na kila mmoja husikia msamiati wa mwenzake. Sadaka huko ni sinia la pilau la hitima, na ni bahasha ya Jumapili, na ni kuku na mkungu wa ndizi vinavyopigwa mnada nje ya kanisa la Kilutheri baada ya ibada. Kafara, ingawa ni ndugu wa *kipper*, kitenzi cha Kiebrania cha kufunika au kuondoa hatia, mtaani hunong'onwa pale mtu anapotajirika ghafla na watu kujiuliza ni damu ya nani iliyolipa. Tambiko, kwa upande wake, huelekezwa kwa mizimu, na katika ardhi hii ya Wazaramo si neno la kale lililosahaulika. Wafasiri wa Union katika sheria za Walawi waliandika upatanisho kwa ajili ya *kipper*, na kwa *zevaki*, yaani mnyama anayechinjwa na nyama yake kuliwa kwa sehemu na wanaoabudu, wakachukua dhabihu, neno la mzizi uleule wa kuchinja ambao pia umezaa madhabahu. Ni uamuzi wa watu waliosikiliza mtaa kabla ya kufungua kamusi, au angalau unastahili kusifiwa kana kwamba ndivyo ulivyofanywa.

Karl Roehl, mmisionari Mjerumani ambaye Biblia yake ilitoka mwaka 1937, aliona mambo kwa jicho jingine. Yeye aliamini kwamba maneno ya asili ya Kiarabu yalimweka mbali msomaji wa bara na kuitia Biblia rangi isiyo yake, akajitahidi kuyapunguza na kuweka ya asili ya Kibantu. Nia yake kwa wasomaji wa Usambara na kwingineko inaeleweka. Kinachoshangaza ni kwamba kila neno la Kiarabu alilolitoa lilikuwa na uwezekano wa kuwa uzi unaoelekea Kiebrania, na kwa hiyo usafishaji uliokusudiwa kuikaribia Biblia uliweza pia kuukata uzi huo.

Ziko sehemu ambazo hakuna ndugu wa kuita. *Ola*, sadaka ambayo Abrahamu aliamriwa kumfanya Isaka katika Mwanzo 22, hutokana na kupanda juu, na aya ya pili hulirudia wazo hilo, kwani kijana anapaswa kupandishwa mlimani awe kitu kinachopanda kwa moshi. Sadaka ya kuteketezwa ni tafsiri ya haki kabisa, ila jicho la msomaji huelekezwa kwenye moto na majivu badala ya moshi unaokwea. Kwingine ndugu yupo ila hakuitwa: *korban*, jina la jumla la kila kinacholetwa madhabahuni, ni ndugu wa karibu na kukaribia, kwa kuwa kutoa ni kusogea. Union imeridhika na matoleo, na neno lenyewe likabaki katika Marko 7:11 kama Korbani, likifafanuliwa kwa wakfu.

Kuhusu utii, Kiebrania cha Maandiko hakina kitenzi maalumu cha kila siku. Hutumia *shama*, kusikia. Mwishoni mwa kisa cha Isaka, baraka inatolewa kwa sababu Abrahamu aliisikia sauti, na Union imeandika kutii. Mzazi wa Mbagala anayelalamika kwamba mtoto wake hasikii hazungumzii maradhi ya masikio, kwa hiyo lugha ilikuwa na njia ya kubakiza sikio pale. Lakini kusikia sauti kungeweza kueleweka kuwa ni kuipata tu, na mfasiri akachagua usalama. Katika 1 Samweli 15:22, ambapo Sauli anakemewa kwa kuleta wanyama badala ya kufanya alichoagizwa, Kiebrania kina vitenzi viwili vya sikio, *shama* na kingine cha kutega sikio kwa makini, vilivyowekwa juu ya *zevaki* na mafuta ya kondoo waume. Union ilikipa cha kwanza kutii na cha pili kusikiza, hivyo utii na sikio vikakaa katika sentensi moja, kando ya dhabihu.