Kerneli Haijui Pampu

Pampu ya mkono aina ya Afridev ina historia ndefu Kwale, Kenya. Mradi wa maji vijijini ulioanza mwaka 1983 kwa fedha za Sweden uliigeuza pwani ya kusini kuwa uwanja wa majaribio: pampu zikafungwa, zikavunjika, zikarekebishwa, mpaka likapatikana umbo ambalo mwanakijiji anaweza kulifungua kwa spana moja na kubadilisha mpira uliochakaa bila kungoja gari la serikali. Miongo mitatu baadaye, pampu hizohizo ziliingia katika jaribio jingine. Safari hii kilichojaribiwa ni kifaa kidogo cha elektroniki kilichofichwa ndani ya mpini.

Waliokibuni ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiwemo Patrick Thomson, Rob Hope na Tim Foster, na maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2012. Ndani yake mna vitu vitatu vya bei nafuu: aksilerometa, yaani chipu inayopima mwendo na mwinamo, ya aina inayokaa ndani ya kila simu janja, kichakataji kidogo, na modemu ya GSM. Mpini ukipanda na kushuka, kifaa huhesabu, hukadiria maji yaliyotoka kila saa, kisha hutuma takwimu kwa ujumbe mfupi. Huko Kyuso, Kitui, ambako kilianza kutumika pamoja na kikosi cha mafundi, muda wa pampu kukaa mbovu ulishuka kutoka wastani wa takribani siku 27 hadi chini ya siku 3. Kisha vifaa hivyo vikaja Kwale, kwenye pampu zipatazo 300.

Habari za mafundi na siku 3 zimesimuliwa sana. Uchambuzi huu unashuka ngazi moja chini, kwenye swali ambalo kila mhandisi wa vifaa vya aina hii hulijibu, ajue au asijue: chipu iliyo ndani ya mpini iruhusiwe kusema nini, na nani awe na uwezo wa kuibadilishia mipangilio? Swali hilo limewashughulisha waandishi wa mifumo endeshi kwa zaidi ya miaka 40. Jibu lililofikiwa na kerneli ya Linux, ile programu ya ndani kabisa inayosimama kati ya mashine na programu nyingine zote, linafaa kusomwa na yeyote anayepanga kufunga vipimo kwenye visima vya Msambweni, hukohuko Kwale.

Chipu ina rejista tu

Tuchukue mfano wa aksilerometa moja inayouzwa kila mahali, ADXL345 ya kampuni ya Analog Devices. Kwa chipu hii hakuna mpini wala pampu. Kuna rejista, yaani vyumba vya baiti moja moja vyenye namba za mlango. Rejista 0x32 hadi 0x37 zinabeba vipimo vya mhimili wa X, Y na Z, baiti mbili kwa kila mhimili. Rejista 0x2C ndiyo ya mipangilio ya kasi: ukiandika humo 0x07, chipu inapima mara 12.5 kwa sekunde. Ukiandika 0x0A, inapima mara 100.

Kifaa chenye programu moja pekee kinaweza kuzungumza na rejista hizo moja kwa moja, na hakihitaji mfumo endeshi wowote. Mambo hubadilika unapotumia kompyuta ndogo ya Linux, kama Raspberry Pi, yenye programu kadhaa kwa pamoja: moja inahesabu mapigo ya mpini, nyingine inatunza kumbukumbu, ya tatu inatuma data Ukunda au Nairobi. Programu ya kwanza inataka vipimo 12.5 kwa sekunde ili kuokoa betri, ya pili inataka 100. Zote zikipewa ruhusa ya kugusa rejista 0x2C, kila moja itavuruga kazi ya mwenzake bila kujua. Kwa hiyo kerneli huzifungia programu zote nje ya waya wa chipu, na draiva, yaani sehemu ya kerneli inayosimamia chipu hiyo, peke yake ndiyo inayoongea nayo. Anayetaka kitu, aombe kupitia mlango uliowekwa.

Kutoka namba za siri hadi faili

Mlango wa kwanza kuenea ulikuwa ioctl, uliokuja na Unix toleo la 7 mwaka 1979. Programu hufungua kifaa, kisha hutuma namba ya amri pamoja na anwani ya data. Ni njia ya haraka, na mpaka leo inatumika. Kasoro yake ni kwamba kila draiva ilijitungia namba zake. Aliyetaka kubadilisha kasi ya chipu fulani ilimbidi apate faili ya vichwa ya draiva hiyo, aandike programu ya lugha ya C, aikusanye, ndipo aulize. Chipu ikibadilishwa na ya kampuni nyingine, kazi inaanza upya.

Kerneli ya Linux 2.6, iliyotoka Desemba 2003, ilileta mlango mwingine: sysfs, kazi ya Patrick Mochel, inayoonekana chini ya saraka ya /sys. Kanuni yake ni fupi: faili moja, thamani moja, kwa maandishi ya kawaida. Faili hizo hazipo kwenye diski. Ukisoma moja, kerneli huita kazi fulani ndani ya draiva, draiva huiuliza chipu, na jibu hugeuzwa maandishi papo hapo. Ukiiandikia, mambo huenda kinyume chake mpaka kwenye rejista.

Kuanzia 2009, Jonathan Cameron aliingiza kwenye kerneli mfumo mdogo uitwao IIO, ulioundwa kwa ajili ya vihisi vya namna hii: vya mwendo, joto, mwanga, shinikizo. IIO ilikomesha tabia ya kila draiva kujitungia majina. Aksilerometa ya kampuni yoyote ile huonekana kwa majina yaleyale. Kwa chipu yetu ya mfano, mazungumzo yote ni haya:

cat /sys/bus/iio/devices/iio:device0/in_accel_x_raw
128
cat /sys/bus/iio/devices/iio:device0/in_accel_scale
0.038300

Faili ya kwanza ni namba ghafi kama ilivyotoka kwenye rejista. Ya pili ni kizidisho chake. Zidisha 128 kwa 0.0383, unapata 4.90, na kipimo ni mita kwa sekunde kwa sekunde. Mvutano wa dunia ni 9.81, kwa hiyo mhimili wa X unabeba nusu yake. Sini ya nyuzi 30 ni nusu, basi ikiwa mhimili huo umelala kufuata mpini, na mpini umetulia, mpini umeinama nyuzi 30. Kwa mistari miwili ya maandishi, mwanafunzi mwenye kompyuta ya shilingi elfu chache amepima mwinamo wa mpini bila kuandika hata mstari mmoja wa C.

Kubadilisha mipangilio ni rahisi vilevile. Faili ya in_accel_sampling_frequency ikiandikiwa 100, draiva inaandika 0x0A kwenye rejista 0x2C. Draiva nyingi huweka kando faili nyingine, yenye jina linaloishia na _available, inayoorodhesha viwango ambavyo chipu inaviweza. Na kwa kuwa hizi ni faili, zinafuata sheria ya ruhusa za faili: kwa kawaida kila mtumiaji anaweza kusoma, lakini kuandika ni kazi ya msimamizi wa mfumo, au kikundi alichokipa ruhusa. Kusoma hali ya mashine na kuitawala ni haki mbili tofauti, na kerneli haizichanganyi.

Kwa nini kerneli haizidishi

Mtu anaweza kuuliza: kama kerneli ina 128 na ina 0.0383, mbona isizidishe yenyewe ikampa mtumiaji 4.90? Sababu ya kwanza ni ya kiufundi. Kerneli hukwepa hesabu za desimali. Hata hiyo 0.038300 imehifadhiwa ndani ya draiva kama namba kamili, 38300, ikimaanisha sehemu za milioni. Sababu ya pili ndiyo yenye uzito. Waandishi wa Unix na Linux wana msimamo wa zamani kwamba kerneli itoe uwezo, na iwaachie watumiaji uamuzi wa namna ya kuutumia. Namba ghafi pamoja na kizidisho haipotezi chochote. Namba iliyokwisha kupikwa imefinyangwa kwa mahitaji ya aliyeipika.

Litazame pigo la mpini. Chipu haina rejista ya "pigo", na kerneli haina faili yake. Pigo ni hukumu ya programu: tuseme namba ghafi ikivuka 90 kwenda juu kisha ikashuka chini ya hasi 90, hesabu moja. Ukiweka mpaka huo juu sana, mtoto anayepampu kwa mapigo mafupi hataonekana kwenye takwimu ingawa dumu lake limejaa. Ukiuweka chini sana, mtoto anayebembea kwenye mpini wa pampu kavu atahesabiwa kuwa mteja. Na hata pigo likihesabiwa sawasawa, fupi halitoi maji sawa na refu, ndiyo maana kubadilisha mapigo kuwa lita ni makadirio. Maamuzi haya yote yanategemea watu wa kisima kile. Mahali pake ni juu, kwenye programu inayoweza kurekebishwa kesho, badala ya chini kabisa kwenye draiva ambayo kila mtu anaitegemea.

Gharama ya kusema kila kitu

Kuna hoja ya upande wa pili, nayo ni ya fedha na betri. Mihimili 3, baiti 2 kila mmoja, mara 100 kwa sekunde, ni baiti 600 kwa sekunde. Kwa saa moja zinafika 2,160,000. Ujumbe mfupi mmoja unabeba baiti 140, kwa hiyo kutuma namba ghafi za saa moja kungehitaji ujumbe zaidi ya 15,400. Upande mwingine, hesabu za mapigo za saa 24, kila moja ikichukua baiti 2, ni baiti 48, na zinaingia kwenye ujumbe mmoja na nafasi inabaki. Aliyebuni kifaa cha kukaa mwezi baada ya mwezi ndani ya mpini, bila umeme wa Kenya Power, hakuwa na anasa ya kutuma kila kitu. Kuhesabu palepale na kutuma muhtasari ulikuwa uamuzi sahihi.

IIO nayo inaifahamu shida hii. Kusoma faili moja moja kunafaa kwa kipimo cha mara moja, lakini mara 100 kwa sekunde ni upotevu: kila mara kerneli inaamshwa, inageuza namba kuwa maandishi, na programu inayageuza tena kuwa namba. Kwa hiyo kuna mlango wa pili, /dev/iio:device0, ambako vipimo hukusanywa kwenye bafa na kuchotwa kwa mkupuo, vikiwa baiti ghafi. Mipangilio inabaki kwenye /sys, kwa maandishi yanayosomeka. Mkondo wa data unapita kwenye /dev. Kila mlango na kazi yake.

Mtetemo uliokuwa ukitupwa

Mwaka 2017, Farah Colchester na wenzake wa Oxford, akiwemo David Clifton, walichapisha utafiti uliofanywa kwa pampu za Kwale, wenye dai ambalo wabunifu wa kwanza hawakulilenga: ndani ya mtikisiko mdogo wa mpini kuna habari ya kina cha maji kisimani. Maji yakiwa mbali, uzito unaoinuliwa na namna vyuma vinavyotetemeka hubadilika, na programu iliyofunzwa kwa mifano inaweza kutambua tofauti hiyo. Kila pampu ya kijiji ikawa inaweza kugeuka kipimo cha maji ya ardhini bila kuchimba kisima kipya cha uchunguzi. Kwa eneo ambalo wanakijiji, mashamba ya miwa, hoteli za Diani na, wakati ule, mgodi wa titani vyote viliyategemea maji ya Kwale, hilo ni swali la siasa na la riziki.

Lakini mtetemo huo haumo kwenye hesabu ya mapigo ya kila saa. Mpini unapigwa kama mara moja hivi kwa sekunde, na vipimo 12.5 kwa sekunde vinatosha kabisa kuuhesabu. Mtetemo ni wa haraka zaidi. Anayeutaka lazima apandishe kasi ya kupima na ahifadhi namba ghafi. Tofauti ya kisima kinachosema "nimetumika" na kisima kinachosema "maji yanashuka" inaanzia kwenye baiti moja ya rejista moja, na ruhusa ya kuiandika.

Kwa hiyo kaunti, kampuni au mradi unaonunua vipimo vya pampu leo usiishie kuuliza bei na muda wa betri. Mkataba useme wazi kama namba ghafi zinaweza kuombwa, hata kwa dakika 5 tu kwa wiki. Kama kizidisho na kipimo vimeandikwa mahali panaposomeka. Kama kasi ya kupima inaweza kubadilishwa kwa mbali na nani ana ruhusa hiyo. Na kama majina ya faili na amri yatabaki yaleyale kifaa kikiboreshwa. Muuzaji akijibu kwamba kifaa chake kinatoa lita kwa siku na hakuna kingine, amekwisha kuamua kwa niaba ya wakazi wa Msambweni maswali wanayoruhusiwa kuuliza kuhusu visima vyao kwa miaka yote ambayo kifaa hicho kitadumu.