Jedwali Moja, Vyanzo Vingi: Uhakiki wa Majedwali ya Muhtasari katika Utafiti wa Kiswahili cha Kongo

0. Utangulizi

Mtafiti anayetaka kueleza Kiswahili cha Kongo kwa ufupi hulazimika kukusanya habari kutoka katika maandishi yaliyotawanyika. Njia inayopendwa ya kuziweka pamoja ni jedwali: sifa za lugha katika mistari, vyanzo katika safu, alama ya kujumlisha penye sifa na alama ya kutoa pasipo sifa. Jedwali la namna hiyo husomeka haraka, hunakiliwa kwa urahisi katika tasnifu za wanafunzi, na baada ya muda huaminiwa kuliko vyanzo vyenyewe. Makala haya yanahakiki desturi hiyo. Hoja yake ni kwamba jedwali lililotungwa bila uangalifu hutoa hukumu isiyomo katika chanzo chochote, na kwa kawaida hukumu hiyo husema kwamba Kiswahili cha Kongo ni Kiswahili kilichopungukiwa.

1. Vyanzo visivyolingana

Vichukuliwe vyanzo vinne vinavyojulikana. Cha kwanza ni Manuel de Kingwana (1928) cha akina Whitehead, kitabu cha mazingira ya misheni kilichokusudiwa kumfundisha mgeni. Cha pili ni Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya umoja wa watumishi wa zamani wa nyumbani. Licha ya jina lake, ni historia ya mji na ya wafanyakazi wake. Cha tatu ni makala ya Edgar Polomé juu ya Kiswahili cha Lubumbashi (1968), maelezo ya mwanaisimu. Cha nne ni Power and Performance (1990) cha Johannes Fabian, kilichojengwa juu ya mazoezi na maonyesho ya kundi la Mufwankolo mwaka 1986.

Mwongozo wa mgeni, historia ya mwenyeji, uchambuzi wa mtaalamu na maneno ya jukwaani: hizi ni aina nne za ushahidi. Zikipangwa katika safu nne kwa kufuata miaka, msomaji ataona mabadiliko ya lugha tangu 1928 hadi 1986. Lakini kitabu cha akina Whitehead kilichapishwa Wayika, mbali na miji ya migodi, na tofauti kati yake na usemi wa Lubumbashi huenda ni ya mahali au ya utanzu wala si ya wakati.

Majina nayo huongeza utata. Elisabethville iliitwa Lubumbashi tangu 1966, na mkoa wa Katanga uliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Kwa hiyo «Kiswahili cha Shaba» na «Kiswahili cha Katanga» vinaweza kuhesabiwa kuwa lahaja mbili na mtu asiyezingatia tarehe za machapisho, hali ni usemi uleule. Kinyume chake, «Kingwana» limetumiwa kwa mapana mno hata likafunika semi zinazotofautiana.

2. Asili ya mistari

Kasoro kubwa zaidi imo katika mistari. Mara nyingi orodha ya sifa huchotwa katika sarufi ya Kiswahili sanifu: je, upatanisho wa ngeli umekamilika? Je, udogo huonyeshwa kwa ki- na vi-? Usemi wa Lubumbashi hupata alama ya kutoa katika mstari huu wa pili. Ila usemi huohuo unao udogo wa ka- na tu-, ambao una mizizi katika lugha za Kibantu zinazouzunguka. Kwa kuwa hakuna mstari wa ka- na tu-, utajiri huo hauna mahali pa kuandikwa. Vivyo hivyo, batoto na mutoto huingizwa chini ya kichwa «makosa ya viambishi», ingawa ba- na mu- vinatumiwa kwa utaratibu. Jedwali lenye maswali ya sanifu peke yake haliwezi kuipa lahaja alama nyingi kuliko sanifu, hata data ziwe nyingi namna gani.

3. Kisanduku kitupu

Alama ya kutoa nayo hubeba maana tatu: kwamba wasemaji waliulizwa wakaikataa sifa hiyo, kwamba sifa haikutokea katika matini iliyochunguzwa, au kwamba mwandishi hakuishughulikia. Ni maana ya kwanza tu inayothibitisha kutokuwepo. Matini ya Yav, kwa kuwa inasimulia mambo yaliyopita, haiwezi kutarajiwa kuonyesha kila namna ya kuamuru au kuuliza. Kuiandikia alama ya kutoa katika mistari hiyo ni kuilaumu historia kwa kutokuwa mazungumzo.

4. Mifano ya kuigwa

Muunganisho mwema unawezekana. Charles Sacleux, katika kamusi yake ya 1939, alikusanya maneno ya lahaja nyingi katika kitabu kimoja, lakini aliyawekea maneno alama za lahaja, hata msomaji akaweza kuyatenganisha tena. Fabian naye, alipotoa matini ya Yav mwaka 1990 kwa msaada wa Kalundi Mango na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, aliitunza tahajia ya asili, ambamo mipaka ya maneno hubadilikabadilika, kando ya matini iliyosomwa upya kwa sauti na ya tafsiri. Tabaka hizo hazikuchanganywa.

5. Hitimisho

Kutokana na hayo, jedwali la muhtasari lidaiwe mambo manne: kila alama ionyeshe chanzo, mahali, mwaka na utanzu; alama ya «haikuchunguzwa» itengwe na ile ya «haipo»; mistari itokane na lahaja zote zinazolinganishwa; na chanzo kilichonakili kingine kisihesabiwe kuwa shahidi wa pili.

Suala hili linavuka mipaka ya isimu. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Wanaotunga vitabu vya shule hutafuta muhtasari, nao huchukua jedwali lililo karibu. Likiwa na alama za kutoa zisizo na ushahidi, mtoto wa Lubumbashi atafundishwa kwamba usemi wa nyumbani kwao ni upungufu, na mwalimu atadhani hayo yamethibitishwa na utafiti.