Nani Kawaambia Wazee Wamekaa Tu?

Nina kesi ya kujibu, na bora niijibie hapa hapa mbele yenu wasomaji kuliko kuwaachia watu waisimulie vijiweni. Miezi kadhaa iliyopita niliandika hadithi fupi kuhusu mzee mmoja Mgoa anayekaa ghorofa ya pili katika jengo letu, Upanga. Hadithi ilikuwa na kila kitu: mvua, saa ya ukutani iliyosimama, picha ya marehemu mkewe, na mzee mwenyewe kakaa kwenye kiti cha kuegemea akisubiri barua ya mwanawe kutoka Kanada. Barua haiji. Mwisho anakufa, mvua inaendelea. Nilipoisoma kwenye kikundi chetu cha uandishi walinipigia makofi, na mwenzetu mmoja akasema nimeugusa upweke wa binadamu. Kichwa kikavimba.

Kosa langu likawa kumpelekea mwenyewe nakala.

Mzee yule alikuwa karani wa hesabu kwa miaka mingi, na hadithi yangu aliisoma kama daftari ambalo jumla zake hazilingani. Aliponiita, karatasi zilikuwa mezani zimejaa wino mwekundu.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Kaa. Hii saa yangu mbona umeisimamisha?"

Saa ilikuwa juu ya kichwa chake, inatembea, tena kwa kelele. Sikujibu.

"Na nani kakuambia namsubiri mtu? Mwanangu anapiga simu mpaka nachoka kumsikiliza. Na Jumamosi iko wapi?"

"Jumamosi ipi, Mzee?"

"Jumamosi naenda kucheza dansi. Umenipa siku sita za kukohoa, ya saba umeiiba."

Hakuwa anatania. Alikuwa na hasira ya kweli, na kwa siku kama kumi tulipokutana ngazini alipokea shikamoo yangu akitazama ukutani. Baadaye akanipa adhabu: kitabu cha michoro na diski mbili za filamu, nivipitie vyote kabla sijamgusa tena kwa kalamu. Haya mnayosoma ndiyo matokeo ya adhabu hiyo.

Nianze na kitabu. Mchoraji ni Mario Miranda, aliyezaliwa 1926 na kufariki 2011 kijijini kwake Loutolim, Goa. Wahindi wengi walimjua kwa vikatuni vyake vya magazeti ya Bombay, lakini mzee wangu anampenda kwa michoro ya kijijini. Ukiitazama utaona kitu kimoja kinarudi tena na tena, nacho ni balcão, yaani balkau, ukitaka kuitamka. Ni kibaraza cha mbele ya nyumba, unakipanda kwa ngazi chache, kina viti vya kujengewa pande mbili, na jioni wenye nyumba wanatoka kukaa pale na kuitazama njia. Msomaji wa Unguja, Lamu au Mombasa hahitaji maelezo marefu: ni baraza. Tofauti ni kwamba baraza yetu imezoeleka kuwa ya wanaume, wakati pale bibi na babu wanakaa wote, bibi akiwa na yake ya kusema.

Sasa tazameni wazee wa Mario. Hakuna aliyekaa tu. Mmoja kashika glasi, mwingine anabishana mdomo wazi, yule mama mnene anamtolea macho mpita njia kama askari wa forodha. Padre yupo, mbwa yupo, mpiga fidla yupo, na kila mtu ana shughuli na mwenzake. Mario hakuwaonea huruma wazee, na kwa sababu hiyo wamebaki hai kwenye karatasi. Hapo ndipo nilipoanza kuona hadithi yangu ilipokosea. Mimi nilikuwa nimemwonea huruma mtu ambaye hakuniomba. (Simsifu Mario kwa yote. Wasichana wake, hasa yule katibu mukhtasi Miss Fonseca, wamechorwa kwa jicho la mwanamume aliyekaa ofisi moja na wanaume wengi mno.)

Kuna neno ambalo mtu hawezi kuandika juu ya Goa bila kukutana nalo: susegad. Limetokana na Kireno, sossegado, yaani aliyetulia. Siku hizi linauzwa kwa watalii pamoja na fukwe: eti Mgoa ni mtu wa kupunga upepo, hana haraka, maisha ni kulala mchana na kunywa jioni. Mimi pia nililinunua neno hilo kwa bei ya jumla, nikalivisha majonzi kidogo, nikapata mhusika wangu wa kwenye kiti.

Lakini hebu tulipime kwa historia. Wareno walitawala Goa tangu 1510 mpaka jeshi la India lilipoingia Desemba 1961. Katika miaka hiyo, hasa karne mbili za mwisho, Wagoa walitoka kwa maelfu kutafuta kazi: wapishi na mabaharia kwenye meli, wapiga muziki Bombay, na huku kwetu makarani, washonaji, wapiga picha. Bendi ya Sultani wa Zanzibar ilikuwa na wapigaji wa Kigoa. Studio ya A. C. Gomes pale Unguja imetuachia sura za watu wa karne ya 19 ambazo bila yeye tusingeziona. Nairobi walimtoa Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa kwa risasi Februari 1965, na Joseph Murumbi, baba Mgoa na mama Mmasai, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966. Hao ndio watu wa kupunga upepo? Nikimwangalia mzee wangu naelewa susegad kwa namna nyingine: ni starehe ya mtu aliyemaliza zamu. Amehesabu fedha za wengine maisha yake yote, sasa anahesabu hatua za walzi. Starehe hiyo ameilipia, na mimi nilikuja nikaiita upweke.

Tuje kwenye filamu. Ya kwanza inaitwa Finding Fanny, imeongozwa na Homi Adajania na ilitoka 2014, kwa Kiingereza. Kijiji chake, Pocolim, ni cha kubuni. Ferdie, aliyekuwa mtu wa posta, anakuta chini ya mlango wake barua aliyomwandikia msichana Fanny miaka 46 iliyopita, akimwomba amuoe. Barua haikuwahi kufika. Mtu wa posta! Basi watu watano wanajibana ndani ya gari kuukuu kwenda kumtafuta Fanny: Ferdie mwenyewe, kijana Savio, mjane kijana Angie, mama mkwe wake Rosie, na mchoraji aitwaye Don Pedro. Paka naye yumo.

Nusu ya kwanza nilicheka sana, na nikatahayari pia, maana kumbe na mimi barua isiyofika ndiyo iliyokuwa nguzo ya hadithi yangu. Tofauti ni moja tu. Barua yangu ilimkalisha mzee kitini, ya Adajania ilimtoa mzee nyumbani. Ferdie anaondoka. Analia, anaogopa, anakuwa mzigo kwa wenzake, lakini yuko barabarani. Fanny hawampati akiwa hai, wanakutana na mazishi yake. Hata hivyo filamu haiishii kaburini: mwishoni Ferdie na Rosie wanafunga ndoa, wazee wawili mbele ya padre, na hakuna anayewashangaa. Ningekuwa mimi, ningezima taa kwenye mazishi na kusubiri makofi.

Jambo lililoninyima usingizi, hata hivyo, ni la Don Pedro na Rosie. Don Pedro anajiona msanii mkubwa. Safari nzima anamsifia Rosie, umbo lake, unene wake, anamwita kichocheo cha sanaa yake, na yule mama, ambaye miaka mingi hakuna aliyemtazama hivyo, anaanza kuchangamka. Mwishowe anakubali kukaa achorwe. Picha inapomalizika tunamwona Rosie kwenye turubai kama mnofu uliokwisha, na mchoraji hamtaki tena: keshachukua alichotaka. Anamwacha pale pale kama ganda la nazi lililokunwa. Dimple Kapadia anauigiza uso ule bila kulia, na ukumbi mzima, yaani mimi na feni ya dari, tulikaa kimya.

Jamani, sisi waandishi chipukizi ni Don Pedro wangapi? Tunawazungukia bibi zetu, tunawasikiliza kwa adabu, kumbe tunakusanya mikunjo. Mkono unatetemeka, haya, andika. Jicho lina ukungu, andika. Tukishapata hadithi, bibi anabaki na chai yake iliyopoa. Adajania mwenyewe hajasalimika hapa. Filamu inamwadhibu Don Pedro kwa mzaha wa kifo cha bahati mbaya, halafu kamera nayo inaendelea kumtania Rosie kwa unene wake kama alivyofanya Don Pedro. Huwezi kumshtaki mwizi huku umevaa shati aliloiba.

Filamu ya pili ni bora zaidi, ingawa ni ndefu na ina mapengo. Ni Nachom-ia Kumpasar ya Bardroy Barretto, ya 2014 vilevile, kwa Kikonkani, na ilipata tuzo ya taifa ya India ya filamu bora kwa lugha hiyo. Imejengwa juu ya nyimbo za Chris Perry, na wahusika wake Lawry na Donna wanatukumbusha Perry mwenyewe na mwimbaji Lorna Cordeiro. Kwa wasiomjua, Lorna alizaliwa 1946, akawika miaka ya 60 na mwanzoni mwa ile ya 70 kwa sauti nzito yenye kukwaruza. Wimbo wake "Bebdo", maana yake mlevi, Wagoa wanaujua mpaka leo. Alipoachana na Perry akanyamaza, akakaa zaidi ya miaka 20 bila kuimba hadharani, na mwaka 1995 akarudi jukwaani.

Hapo ndipo ninapogombana na Barretto. Muziki ni mtamu, kumbi za jazi za Bombay zimejengwa kwa uangalifu, na Palomi Ghosh kama Donna anakushika shati hakuachii. Lakini filamu inakaa kwenye mapenzi, ulevi na kuvunjika moyo, na kule kurudi kumewekwa mwishoni kama kitindamlo. Mimi nataka kujua ya baada ya hapo. Lorna halisi aliendelea kuimba hata baada ya kutimiza miaka 70. Mwanamke anayeufungua mdomo baada ya kimya cha miaka 20 anasikia nini kwanza, sauti yake au umri wake? Anaimbaje wimbo wa msichana aliyeachwa wakati yeye ni bibi na aliyemwacha keshafariki? Filamu mbili nzuri zingeweza kutoka kwenye maswali hayo, na hakuna hata moja iliyotengenezwa. Nasi tusicheke, tulikuwa na Bi Kidude, aliyeimba na kupiga ngoma ya unyago na kuvuta sigara zake mpaka uzeeni kabisa, akafariki Aprili 2013, na tulichoandika zaidi ni kushangaa miaka yake. Alikuwa na miaka mingapi, mia? Zaidi? Kama vile kuishi ndiyo ilikuwa fani yake, siyo kuimba.

Siku nilipomrudishia mzee vitu vyake alinifanyia muziki mwingine, mando, wimbo wa polepole wa mapenzi na majuto unaochezwa wanawake na wanaume wakikabiliana. Ngoma yake ni ghumot, chungu kilichowambwa ngozi upande mmoja. Zamani ilikuwa ngozi ya kenge, lakini kenge analindwa na sheria ya wanyamapori ya India ya 1972, kwa hiyo sasa ni mbuzi, na mwaka 2019 serikali ya Goa iliitangaza ghumot kuwa ala ya urithi wa jimbo. Mzee anadai ya mbuzi inakohoa. Alinionjesha na feni, pombe ya mabibo, akaniambia mchujo wa kwanza Goa unaitwa urrak. Nikaruka kitini: kule Mtwara pombe ya mabibo ni uraka! Mkorosho Wareno waliutoa Brazili wakaupanda pwani zote mbili, na jina la kinywaji nalo likawa moja. Tulinywa kwa afya ya Wareno, shingo upande.

Jumamosi iliyofuata nilimsindikiza. Kazi yangu ilikuwa kubeba viatu vyake vya dansi kwenye mfuko wa plastiki. Ukumbini alivivaa taratibu, akafunga kamba mara mbili, akasimama, akaenda moja kwa moja kwa mama mmoja wa rika lake aliyekuwa ananong'ona na wenzake, wala hakusema kitu, alinyoosha mkono tu. Walicheza nyimbo nne. Magoti yalimuuma, nilimwona akikunja uso kwenye kona, na hakukaa. Mimi nilikaa.

Nimeiandika upya hadithi. Haina mvua. Juzi nimempelekea, na jana imerudi na wino mwekundu, mchache kidogo. Anasema gauni la yule mama nimeliandika la bluu wakati lilikuwa la kijani, na kwamba walzi ina mapigo matatu, mimi nimemchezesha mawili. Gauni nimelirekebisha. Kwa mapigo ameniambia nije Jumamosi, na viatu vyangu mwenyewe.