Kulima Juu ya Slabu

Ukitaka kumpima fundi wa bustani ya juu ya nyumba, acha asmini na mrehani kwanza, uinamie sakafu iliyo chini ya makasha yake mvua ya masika ikishakatika. Maji yakiwa yamekwisha kwenda zao mlizamuni, huyo ni fundi. Yakiwa yametuama, basi hata maua yawe mazuri vipi, ni suala la muda tu kabla mwenye nyumba wa chini hajaona doa kwenye dari yake. Sifa za kazi hii hupewa majani, lakini ufundi wake umo katika uzito na maji, mizigo miwili ambayo shambani ardhi huibeba bila kuuliza.

Tuanze na uzito, maana kosa lake halina msamaha. Kasha la mita mbili kwa moja, lenye kina cha sentimita 30, hupokea udongo wa mita za ujazo 0.6. Udongo wa kawaida ukilowa, hiyo ni takriban tani nzima, yaani kilo 500 kwa kila mita ya mraba. Sakafu ya nyumba ya kuishi kwa kawaida husanifiwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita hiyo, mbali na uzito wake yenyewe. Ndiyo maana fundi mzuri hapandishi udongo wa shamba. Huchanganya mboji na makumbi ya nazi yaliyosagwa, ambayo ni mepesi na hushika maji vizuri, baada ya kuyasuuza kwa maji baridi ili kutoa chumvi. Kina hukipunguza pia: mchicha unaridhika na sentimita 15 au 20, nyanya ndiyo idaiyo 30. Na makasha huyapanga kando, juu ya kuta, wala si katikati ya chumba. Katika nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, ambako paa la mawe na chokaa limelala juu ya boriti za mikoko, kanuni hii haina mjadala. Boriti ikionja unyevu miaka mingi huoza upande usioonekana.

Kwenye maji ndiko mazoea yanakodanganya zaidi. Karibu kila mtu ameambiwa atie kokoto chini ya chungu ili maji yapite. Fizikia yake inakataa. Maji hayatoki kwenye vinyweleo vidogo vya udongo kuingia kwenye nafasi pana za kokoto mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Kwa hiyo kokoto hulipandisha tabaka la matope likakaribia mizizi, na juu ya hayo huongeza kilo. Kinachofaa ni matundu ya kutosha, kipande cha wavu juu yake, na kasha lililoinuliwa kidogo juu ya vibao ili hewa ipite chini. Mtu atasema: mbona magunia ya sukuma wiki ya Kibera yana mawe ndani na mboga zinastawi? Yana mawe, ila yamesimama wima katikati. Mkulima huweka kopo lisilo na kitako, hulijaza mawe, huzungushia udongo, kisha hulivuta juu na kulijaza tena, mpaka gunia zima lina mhimili wa mawe wa kushusha maji hadi kwenye miche iliyochomekwa ubavuni chini. Jiwe ni lile lile, kazi ni nyingine.

Wapo wanaoogopa mbu, na hofu yao ina msingi: Dar es Salaam ilikumbwa na homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019, na mbu wake hupenda hasa maji machache yaliyotulia kama ya kisahani cha chungu. Lakini yai lake huhitaji wiki hivi kufikia kuwa mbu, hivyo visahani vikimwagwa na kusuguliwa kila baada ya siku chache mzunguko unakatika. Afadhali zaidi kuviondoa kabisa. Pingamizi zito ni la pesa. Mbao, mboji, maji ya kununua kwa madumu: fungu la mchicha sokoni ni rahisi kuliko haya yote, na anayebisha hajapiga hesabu. Tatizo hapo ni uchaguzi wa mmea. Mahindi na viazi havina haki ya kupandishwa ngazi. Dania, mchaichai, mnanaa, pilipili na mrehani, ambavyo jikoni huhitajika vijani viwili vitatu kwa wakati na fungu la sokoni hunyaukia jikoni kabla ya kwisha, ndivyo vinavyolipa nafasi yao. Mboji nayo huoza na kushuka kimo kila msimu, kwa hiyo bajeti isisahau ndoo moja au mbili za kujazia kabla ya vuli.